Waya wa picha kwa PS2 na mashine za gemu za zamani: mwongozo kamili kabla hujatoa hela

Juzi jirani yangu aliniletea PS2 yake akiwa ameshakata tamaa. Kanunua TV flati ya inchi 43, kachomeka mashine aliyokuwa akiichezea tangu yuko sekondari, na picha imetoka ya kijivu. Mpira unaonekana, wachezaji wanakimbia, lakini jezi zote zinafanana. Alikuwa amebadilisha waya mara tatu, kila mara akipanda bei, na ule wa mwisho ulikuwa na vichwa vya rangi ya dhahabu. Nikachukua rimoti, nikabadilisha chaguo moja kwenye orodha ya vyanzo vya TV, rangi zikarudi. Waya wake wa kwanza kabisa haukuwa na kosa lolote.

Kisa kama hiki nakiona kila mwezi. Watu wanaanza na waya wakati waya ndiyo jambo la mwisho la kuamua. Picha inazaliwa kwenye mashine. Waya kazi yake ni kuifikisha bila kuimwaga njiani, na hakuna waya unaoongeza kitu ambacho mashine haikutoa. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza mashine inatoa nini, pili TV inapokea nini, tatu ndipo uuangalie waya wenyewe umetengenezwaje.

Nitakaa zaidi kwenye PS2, kwa sababu ndiyo iliyojaza vibanda vyetu vya gemu na ndiyo bado ninayoletewa. Nyingine nitazipitia baadaye.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inatoa nini

Nyuma ya PS2 kuna tundu pana, jembamba, lenye pini 12. PS1 na PS3 zina tundu la umbo lilelile, ndiyo maana waya mmoja unaingia zote tatu. Kuingia siyo kufanya kazi, lakini. Tundu hilo linabeba picha za aina mbalimbali kwa wakati mmoja, na waya unachagua ni pini zipi uzisome.

Aina ya chini ni kompoziti, yaani ile plagi ya njano inayokuja na nyeupe na nyekundu. Nyeupe na nyekundu ni sauti tu. Picha yote, mwanga na rangi pamoja, inapita kwenye waya mmoja wa njano. Kwa mfumo wetu wa TV, PAL, rangi hupandishwa juu ya mawimbi ya megahezi 4.43, halafu TV inapaswa kuitenganisha tena na mwanga. Haiwezi kuitenganisha yote. Ukitaka kuona inaposhindwa, simamisha mchezo na usogee karibu na kioo, uangalie jezi nyekundu kwenye nyasi za kijani: ukingo wa jezi una vidoti vinavyotambaa kama sisimizi, na wekundu umevuja kidogo nje ya mchezaji. Hata waya wa bei mbaya kiasi gani hauwaondoi sisimizi hao, maana walishaingia ndani ya picha kabla haijatoka kwenye mashine.

Juu yake kuna S-Video, yenye plagi ya mviringo na pini 4, inayopitisha mwanga na rangi kwenye nyaya mbili tofauti. Sisimizi wanaondoka. Shida yake ni kwamba TV za siku hizi karibu zote zimeacha kuiweka.

Halafu kuna komponenti: plagi tatu za picha, ya kijani, ya bluu na nyekundu, pamoja na mbili za sauti, jumla tano. Ya kijani inabeba mwanga, mbili zilizobaki zinabeba tofauti za rangi. Kwa PS2 hapa ndipo penye faida kubwa kwa hela ndogo. RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye njia yake, kupitia plagi ya SCART ina ubora wa kiwango hichohicho, ila SCART ni plagi ya Ulaya, kubwa, ya pini 21, na kwetu utaikuta zaidi kwenye TV za mtumba zilizotoka huko.

Angalizo kwa wenye PS1: mashine hiyo inatoa kompoziti, S-Video na RGB, lakini haitoi komponenti. Usinunue waya wa komponenti kwa ajili yake. Mwenye PS3 yeye waya wa komponenti wa PS2 unamfaa bila shida.

Hatua ya 2: Geuza TV uisome mgongoni

TV ya chogo ya zamani mara nyingi ina tundu la antena na matundu matatu ya rangi, basi. Baadhi ya zile kubwa za inchi 29 zina komponenti nyuma. Kama yako haina, tulia na waya wako wa rangi tatu. Chogo lina heshima yake: mashine za zamani zilitengenezwa kwa ajili yake, halichelewi hata kidogo, na lile wingu dogo la kompoziti linapendeza kwenye kioo cha inchi 21 kuliko kwenye flati ya inchi 50 inayokuza kila kasoro.

Kwenye flati kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ndio uliomnasa jirani yangu. Watengenezaji wengi, ili kubana nafasi, wameunganisha tundu la kijani la komponenti na tundu la njano. Ukiangalia vizuri utaona duara lenye rangi mbili, au maandishi ya Y/VIDEO. Ukichomeka ya njano hapo huku TV umeiambia chanzo ni Component, TV inausoma mwanga peke yake na picha inatoka ya kijivu. Badilisha chanzo kiwe AV.

Wa pili ni tundu dogo la mviringo kama la spika za masikioni, limeandikwa AV IN. TV kama hiyo huja na kipande kifupi chenye matundu matatu ya rangi, na kipande hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea nyumba ikihama. Usinunue chochote kinachofanana nacho. Kichwa chake kina pete nne, na mpangilio wa pete hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni. Ukipata kisichokuwa chake, jaribu kuhamisha plagi ya njano kwenye tundu jekundu, kisha jeupe. Mara nyingine picha inatokea huko na unaweza kuishi nayo. Lakini ikiwa pete ya ardhi ndiyo iliyohama, hakuna kuhamisha kutakakosaidia. Utapata mvumo na chenga tu.

Wa tatu ni TV isiyo na tundu lolote la zamani, ni HDMI pekee. Hiyo nitaizungumzia kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Weka PAL na NTSC sawa

Tanzania, Kenya na majirani wengi tulifuata PAL, mistari 625 na hezi 50. Marekani na Japani wana NTSC, mistari 525 na hezi 60. Mashine nyingi za huku zimefunguliwa, zinapiga diski za kila nchi, kwa hiyo leo unacheza ya PAL, kesho ya Japani. Kwenye waya wa njano rangi za mifumo hii zinafungwa kwa njia tofauti, na TV isiyoijua njia ya pili inaonyesha picha isiyo na rangi. Watu wanaona gemu moja ina rangi na nyingine haina, wanalaumu diski.

Kwenye komponenti na RGB hakuna kufunga rangi kwa namna hiyo. Rangi inafika tu. Kinachobaki ni TV kukubali hezi 60, na flati zote nilizowahi kushika zinakubali. Kwa mwenye diski za mchanganyiko, sababu hii peke yake inatosha kuhamia komponenti.

Hatua ya 4: Chagua waya wenyewe

Sasa tumefika dukani. Mbele yako kuna nyaya mbili za komponenti za PS2, moja bei ya chipsi kuku, nyingine mara nne yake, zote zimeandikwa maneno makubwa kwenye boksi. Utajuaje?

Wakati fulani nilinunua mmoja mnene kama kidole, mzito, unaong'aa. Picha ilikuwa na vivuli vinavyopita wima, na spika zilikuwa zinavuma kama mzinga wa nyuki. Mvumo ulikuwa unapanda kila menyu nyeupe ilipojaa kwenye kioo, ukishuka gemu lilipoingia kwenye giza. Dalili hiyo ikariri: sauti inayobadilika kufuata mwanga wa picha maana yake picha inavujia kwenye nyaya za sauti. Niliuchana kwa wembe. Unene wote ulikuwa mpira. Ndani mlikuwa na nyuzi tano nyembamba kama za spika za masikioni, zimelala pamoja, hazina wavu.

Waya wa picha unaostahili jina hilo ni koaksia ya omu 75: katikati uzi wa shaba, kisha mpira mweupe, kisha wavu wa shaba unaouzunguka, kisha ganda. Na kila njia ya picha iwe na wavu wake peke yake. Wavu ndio unaozuia njia moja kuisikia nyingine. Huwezi kuchana waya dukani, lakini unaweza kufanya haya:

- Angalia pale nyaya zinapogawanyika kuelekea kwenye plagi. Kila tawi liwe nene kiasi na gumu kidogo kulikunja. Tawi jembamba kama la chaja ya bei rahisi lina nyuzi tupu.
- Sukuma plagi moja kwenye tundu la TV ya pale dukani. Inapaswa kushika, isilegee wala isihitaji nguvu ya kuvunja.
- Tembea na kisumaku. Shaba haishikwi, waya ukishikwa ndani mna chuma kilichopakwa shaba. Jaribu kwenye waya, siyo kwenye plagi.
- Kama una mita ya fundi ya kupimia umeme, pima pete za nje za plagi tatu za picha, moja na nyingine. Zote ziwe zimeungana, maana ardhi yao ni moja. Kisha pima pini ya kati na pete yake. Mita ikilia, waya umegusana ndani, urudishe.

Kuhusu dhahabu: haiboreshi picha. Faida yake ni kutopata kutu, na kwa anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja au popote upepo wa chumvi unapofika, faida hiyo ni ya kweli. Ila hakikisha tundu la TV nalo si bovu, maana dhahabu upande mmoja na kutu upande wa pili haijakusaidia kitu.

Urefu, mita 1.8 mpaka 2 zinatosha. Wenye vibanda hutaka mita 5 ili mashine ikae nyuma ya kaunta. Basi wasitafute waya mrefu wa PS2. Mpe fundi koaksia ya RG-59, ileile ya kamera za ulinzi, ambayo ni ya omu 75 na inapatikana Kariakoo au Luthuli Avenue kwa mita, akuungie vichwa kwa risasi. RG-6 ya ungo pia ni omu 75, ila ni ngumu na inachosha plagi.

Ukipata orijino ya Sony, namba SCPH-10490, hata iliyotumika, chukua. Imetengenezwa vizuri na ukiisafisha inarudi kama mpya.

Ukifika nyumbani usikimbilie kuchomeka. Kwanza washa PS2 bila diski ukiwa bado na waya wa njano, ingia System Configuration, tafuta Component Video Out, na uchague Y Cb/Pb Cr/Pr. Ukiacha RGB, waya wa komponenti utakupa rangi za ajabu au picha isiyotulia, nawe utaurudisha dukani bila sababu. Zima kila kitu ndipo ubadilishe waya. Na angalia plagi nyekundu: ziko mbili. Moja ni ya picha, moja ni ya sauti ya kulia. Ukizichanganya, picha inapoteza wekundu na spika inanguruma. Nyekundu ya picha hutoka pamoja na ya kijani na ya bluu. Nikishaitambua naifunga kipande cha selotepu.

Baada ya hapo, ukiwa na diski ya Marekani ya Gran Turismo 4, jaribu 480p iliyomo humo, yaani picha ya mistari 480 inayochorwa yote kwa mkupuo mmoja. Kwenye waya wa njano haipiti kabisa.

Hatua ya 5: TV yenye HDMI tu

Kuna vijiboksi vya aina mbili, na vinafanana.

Kimoja kinapokea plagi tatu za rangi na kutoa HDMI. Kabla ya kulipa soma juu yake: kiandikwe AV2HDMI. Kile kilichoandikwa HDMI2AV kinafanya kazi ya kinyume, kina matundu yaleyale, na wauzaji wengine hawajui tofauti. Hata ukipata sahihi, chakula chake ni kompoziti, kwa hiyo sisimizi wote wanaingia. Swichi ya 720p na 1080p iliyo ubavuni haisafishi kitu, inavuta tu picha mbovu iwe kubwa.

Kingine ni kidude kinachochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la PS2. Hiki kinasoma komponenti, na kwa bei yake ndicho ninachowashauri watu wengi. Kinataka umeme wa USB na menyu iwe kwenye Y Cb/Pb Cr/Pr. Hakipandishi ubora, kinapitisha kilekile mashine ilichotoa. Kasoro yake inatokea ukipiga gemu la PS1 ndani ya PS2: hayo hutoka kwa mistari 240, na baadhi ya TV zinakataa, kioo kinabaki cheusi.

Mwenye hela na mapenzi ya kweli anunue skela, yaani kifaa cha kuikuza picha, kama OSSC au RetroTINK, zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi. Zinaelewa mistari 240, na ucheleweshaji wake ni mdogo sana. Kwa PAL fremu moja ni milisekunde 20; TV ikikuchelewesha fremu nne tano utaona kwenye penalti. Kabla hujafika huko, washa Game Mode ya TV, hali inayopunguza ucheleweshaji. Ni bure.

Mashine nyingine kwa ufupi

Vile vimashine vya kuiga Famicom ya Nintendo, vyenye kaseti za njano, vinatoa picha kwa plagi ya njano tu na sauti moja. Hakuna waya utakaobadilisha hilo, nunua wowote wenye wavu.

Super Nintendo, N64 na GameCube zina tundu la umbo moja, lakini hazitoi vitu sawa. Super Nintendo inatoa RGB. GameCube ya PAL inatoa RGB bila S-Video, ya Marekani inatoa S-Video bila RGB. N64 haitoi RGB bila fundi kuifungua. Tena waya wa SCART wa Super Nintendo ya PAL una rezista ndani, wa NTSC una kapasita; ukichanganya, picha inakuwa giza mno au inaunguza macho. Muuzaji akikwambia ni wa zote, ondoka.

Mega Drive ya kwanza na ya pili zote zinatoa RGB, kwa plagi tofauti: pini 8 na pini 9. Ya kwanza nyuma inatoa sauti moja tu. Stereo ipo kwenye tundu la spika za masikioni mbele, na waya mzuri una mkia wa kuifuata huko.

Dreamcast ina zawadi yake: VGA. Monita kuukuu ya kompyuta inakupa 480p safi kabisa, isipokuwa kwa gemu chache zinazogoma.

Kwa anayenunua SCART, ulizia mambo mawili. Kwanza, je, ni ya Ulaya au ya Kijapani? Plagi zina umbo moja lakini pini zimepangwa tofauti, na kukosea kunaweza kuunguza kifaa. Pili, sinki yake, yaani ishara inayoiambia TV kila mstari wa picha unaanzia wapi, ni ipi? Ikiwa ni csync, yaani sinki inayopita peke yake bila picha, iwe na rezista ya kuishusha, maana mashine nyingine huitoa ikiwa na volti nyingi kuliko TV inavyotarajia. Retro Gaming Cables ya Uingereza huandika haya yote wazi kwa kila waya, na HD Retrovision ya Marekani hutengeneza komponenti za Super Nintendo na Mega Drive kwa wasio na SCART kabisa.

Kuutunza

Shika plagi unapochomoa, usivute waya. Ukunje kwa duara pana, usiuzungushie kwenye mashine kama kamba ya ng'ombe, maana wavu unakatikia palepale shingoni. Plagi zikipata ukungu wa kijani, pamba ya masikio na spiriti safi vinatosha. Usipige msasa, utatoa dhahabu. Matundu ya TV yasafishe kwa namna hiyohiyo, umeme ukiwa umezimwa, uyaache yakauke kabla ya kuwasha. Ule waya wa njano wa zamani usiutupe: siku PS2 ikirudi yenyewe kwenye RGB, au TV mpya ikikataa kila kitu, ndio utakaokuingiza kwenye menyu.